NYUMA YA LENZI: G siyo grini, B siyo bluu!

"Anko, G si ndiyo grini?"

Swali hilo nilitupiwa Jumapili iliyopita na mpwa wangu, binti wa dada yangu, nikiwa sebuleni kwao nimenyoosha miguu nasubiri pilau. Mkononi alikuwa na kioo cha duara chenye pete nyeusi, kakishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota hereni ya mwenzie. Kwenye pete pamechorwa herufi moja kubwa, G. Na kioo chenyewe, mpenzi msomaji, kilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva likabakiza kudondoka tu.

"Sasa hiyo grini iko wapi?" nikamuuliza.

"Muuzaji kaniambia ilikuwepo, ila imepauka kwa jua."

Nilicheka hadi dada akachungulia kutoka jikoni. Mtoto wa mjini kaingia mkenge! Lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali, maana nilikumbuka kwamba miaka zaidi ya thelathini iliyopita mimi nilichemsha vibaya kuliko yeye, tena kwa kioo cha namna hiyo hiyo, na hasara yangu haikuwa ya pesa. Nitakusimulia, usiende mbali. Ila kwanza tuelewane kuhusu hivi vioo.

Mpwa wangu kapatwa na homa iliyowakumba vijana wengi siku hizi, ya kurudi kwenye kamera za filamu. Simu anayo, inapiga picha hadi unachoka kufuta, lakini yeye anataka mkanda wa picha thelathini na sita, nyeusi na nyeupe, asubiri usafishwe ndipo aone alichopiga. Simlaumu, raha yake naijua. Basi bwana, kanunua kamera ya mtumba, na muuzaji akamwongezea kimfuko cha ngozi chenye filta sita. Tukazimwaga mezani. Moja imeandikwa G. Ya pili K2. Ya tatu B. Ya nne R60. Ya tano 022. Ya sita 80A. Na zote sita zina 52 pembeni.

"Anko, hii siyo lugha ya binadamu," akasema.

Nikamwambia ni lugha ya binadamu, tena siyo moja. Ni kama daladala la asubuhi: Mmakonde, Mchaga, Msukuma na Mzaramo wamebanana kiti kimoja, kila mtu anaongea cha kwao. Ukitaka kuelewa, usikimbilie kuuliza "wamesema nini". Anza na "huyu ni wa kabila gani".

KAZI YAKE NI NINI?

Kwa wale ambao filta wanayoijua ni ile ya kwenye simu inayokuotesha masikio ya paka, naomba mnisikilize. Filta ninayoisema mimi ni kioo cha rangi unachokifunga mbele ya lenzi. Sheria yake ni moja: rangi yake inaipitisha, rangi pinzani inaizuia. Kwenye picha nyeusi na nyeupe maana yake ni kwamba kitu chenye rangi kama ya kioo kitatoka cheupe zaidi, na chenye rangi pinzani kitatoka cheusi zaidi.

Kioo cha njano kinapunguza bluu ya anga kidogo, mawingu yanajitokeza. Cha chungwa kinalikoleza anga zaidi. Chekundu ndiyo kiboko: anga la saa sita mchana linakaribia kuwa jeusi, utadhani masika yanaingia. Cha kijani kinang'arisha majani ya miti na kuikoleza midomo iliyopakwa rangi nyekundu. Kwa hiyo siyo urembo. Ukifunga chekundu ukidhani umefunga cha njano, umepiga picha nyingine kabisa.

Sasa tuwaite hao abiria mmoja mmoja.

KABILA LA KWANZA: WAZEE WA HERUFI

Mzee wao ni Mwingereza mmoja, Frederick Wratten, ambaye kampuni yake, Wratten and Wainwright, ilikuwa Croydon, kusini mwa London. Mwaka 1906 akajiunga nao mwanasayansi kijana, Kenneth Mees, na filta zao zikapata sifa kubwa. Ilipofika 1912, George Eastman, mwenye Kodak, akamtaka Mees aende Marekani, kule Rochester, akamwanzishie maabara ya utafiti. Jamaa akasema poa, ila mninunue pamoja na kampuni yangu. Eastman akatoa pesa. Hivyo ndivyo filta za Wratten zilivyohamia Kodak, jina likabaki lile lile hadi leo.

Sasa sikiliza vituko. Kulikuwa na seti ya filta tatu za kuchambulia picha ya rangi ipatikane negativu tatu. Wakaziita A, B na C kwa kufuata foleni tu. Nyekundu ikaangukia A. Kijani ikaangukia B. Bluu ikaangukia C, ambayo utaikuta imeandikwa C5. Umeona? B ni kijani! Mpwa wangu alikuwa ameitenga B yake pembeni kama bluu iliyochakaa.

Na G? G ni njano nzito inayokwenda kwenye chungwa. Haina uhusiano na grini hata wa ndoa. Grini nyepesi utaikuta kwenye X1 na X2. Njano ziko kwenye K, yaani K1, K2 na K3. Nyekundu nzito kupita zote ni F.

Baadaye Kodak wakaona herufi zinaleta vurugu, wakazipa namba. K2 ikawa 8. X1 ikawa 11. G ikawa 15. A ikawa 25. F ikawa 29. C5 ikawa 47. B ikawa 58. Ila namba hizi usizifanyie hesabu. 25 siyo mara tatu ya 8. Ni namba za jezi, siyo idadi ya mabao.

Wajapani nao wakaingia kwa staili yao. Hoya waliziweka herufi na namba pamoja, ndiyo maana unakutana na 25A, ambayo ni A ile ile na 25 ile ile zimefunga ndoa. Wengine wakaandika Y2 kwa njano, ambayo ni ndugu wa K2, na YA3 kwa chungwa, ndugu wa G.

KABILA LA PILI: WATU WA VIPIMO

Hawa ni Nikon wa zamani. Wao walisema, kwa nini tubabaishane? Mwanga unapimwa kwa nanomita. Zambarau iko karibu na 400, nyekundu inafika kwenye 700. Basi wakachukua kipimo ambacho filta inaanzia kupitisha mwanga, wakakata sifuri ya mwisho, wakaweka herufi ya rangi mbele. R60 ni nyekundu inayopitisha kuanzia kwenye 600 kwenda juu, chini ya hapo hupiti. O56 ni chungwa, 560. Y48 ni njano, 480. L39 inazuia ile miale isiyoonekana iliyo chini ya 390, na kwa macho utaiona kama kioo kitupu.

Hili ndilo kabila lililonyooka. Jina linakuambia kazi. Tatizo linakuja pale unapokuta pete imeandikwa Y52 halafu pembeni 52. Ya kwanza ni kipimo cha rangi. Ya pili ni upana wa tundu la skrubu kwa milimita, yaani ni saizi ya kiatu tu! Yuko mshkaji mmoja aliwahi kuniletea filta akitamba kuwa ni 58, ile ya kijani. Nikamwangalia. Kioo cheupe pee. Alikuwa ameisoma saizi ya kiatu.

KABILA LA TATU: WAJERUMANI

B+W ni kifupi cha majina mawili, Biermann na Weber. Hawa wana namba zao za nyumbani, na ukizitafuta kwenye orodha ya Kodak utapotea mchana kweupe. Njano ya kati ni 022. Chungwa ni 040. Njano-kijani ni 060. Nyekundu ni 090, na nyekundu nzito 091. Sasa chukua hiyo 022 yao ya njano. Ukienda kwa Kodak ukaomba 22, utapewa chungwa zito. Namba hiyo hiyo, kioo kingine.

KABILA LA NNE: WATU WA "MARA"

Hili ndilo lililonimaliza mimi, kwa hiyo soma taratibu.

Kila kioo cha rangi kinakula mwanga. Kinachokula, lazima ukirudishe kwa kufungua tundu la lenzi au kupunguza kasi. Watengenezaji wengine, hasa wa zamani, badala ya kukuandikia jina la rangi, walikuandikia ni mara ngapi uongeze mwanga. 2x maana yake mwanga mara mbili, sawa na stopu moja. 4x ni stopu mbili. 8x ni stopu tatu. 16x ni stopu nne. Wengine waliandika stopu zenyewe na alama ya kutoa mbele.

Umeona mtego? 8 ya Kodak ni njano na inahitaji stopu moja. 8x ni kipimo cha njaa, yaani kioo kinachohitaji stopu tatu, na mara nyingi ni chekundu. Tofauti ni hicho kimkasi cha x. Mimi nilikiona, nikakipuuza.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka kumi na saba, nashinda kwenye studio ya baba mdogo. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja uswahilini, pazia moja lililochorwa maporomoko ya maji, na stuli. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kukata picha za pasipoti na kubeba ndoo za maji kupeleka chumba cha giza. Baba mdogo alikuwa na Yashica ya macho mawili, ile unayoitazama kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Jicho la juu ni la kutazamia, la chini ndilo linalopiga.

Mwaka huo alikwenda Tabora kwa kazi za watu, akakaa huko miezi. Huku nyuma Bibi, mama yake mzazi, akaja mjini kututembelea. Bibi huyu katika maisha yake yote alikuwa na picha moja tu, ya kadi, ndogo kama stempu, nayo ilikuwa imelowana. Baba mdogo aliposikia, akaandika barua, akampa mtu anayepanda treni. Ilikuwa fupi: mpige Bibi picha kabla hajaondoka, tumia mkanda mweusi na mweupe, weka namba nane, fungua stopu moja, usiharibu.

Nilivimba kichwa. Nimeaminiwa! Nikatoa kiti nje chini ya mwembe. Bibi akatoka amevaa kanga mpya aliyoletewa na huyo huyo baba mdogo. Kanga nyeupe, maua mekundu, maandishi mekundu: NANI KAMA MAMA. Bibi hakujua kusoma, lakini alishasomewa na alijua kilichoandikwa. Akaitandaza mapajani, akaipapasa isikunjamane.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "hakikisha maneno yanaonekana. Baba yako mdogo ayaone."

Nikafungua boksi la filta kutafuta namba nane. Nikageuza zote. Hakuna 8. Kuna Y2, kuna X1, kuna moja ya Kijerumani imeandikwa R 8x. Nikasema hii hapa. Kweli ilikuwa nyekundu kama damu, na roho ilinisita kidogo. Lakini mimi nani nimkosoe fundi? Nikaifunga kwenye jicho la chini. Na kwa kuwa nilikuwa natazamia jicho la juu, ambalo halina kitu, nilimwona Bibi vizuri kabisa, rangi zake zote. Nikapima mwanga kwa mita, nikafungua stopu moja kama barua ilivyosema. Nikapiga zote kumi na mbili nikamaliza mkanda.

Hesabu yangu baadaye ilikuwa hivi. Namba nane aliyoitaka baba mdogo ilikuwa njano, yaani ile Y2 niliyoiweka pembeni. Mimi nimeweka nyekundu inayodai stopu tatu, nikailipa moja. Nikabaki na deni la stopu mbili, maana yake filamu ilipata robo tu ya mwanga uliotakiwa. Tena tulikuwa kivulini, na mwanga wa kivulini una bluu nyingi, ambayo kioo chekundu hakiipitishi. Negativu zilitoka nyepesi kama maji.

Nilisafisha picha kwa kila ujanja. Uso wa Bibi ulikuwa umezama gizani, limebaki paji la uso na kipande cha shavu. Lakini kilichoniishia nguvu ni kanga. Maandishi hayakuwepo. Siyo kwamba yamefifia, hayakuwepo kabisa. Maandishi mekundu juu ya kitambaa cheupe, ukiyatazama kupitia kioo chekundu, yanakuwa sawa na kitambaa chenyewe. Jaribu nyumbani utaona. Bibi alikuwa amekaa na kitambaa kitupu mapajani, mikono yake imekishika kwa pembeni kama anakuonyesha kitu.

Baba mdogo aliporudi, Bibi alishaondoka kijijini. Aliitazama ile picha muda mrefu. Akaniuliza, "Uliweka kipi?" Nikamwonyesha. Nilijua nakula makofi. Akakigeuza kile kioo mkononi, akasema, "Kosa langu. Nilikuandikia namba, sikukuandikia rangi." Tukapanga tutampiga nyingine sikukuu ya Idd. Bibi hakufika Idd.

Kesho yake baba mdogo alikaa na kalamu na plasta nyeupe. Kila kikopo cha filta akakibandika: rangi kwa Kiswahili, na stopu za kuongeza. Basi. Hakuna K, hakuna x. Mpaka anafunga studio hakuna kijana wake aliyekosea tena.

NA ILE YA BLUU?

Turudi mezani kwa mpwa. 80A yake ni bluu, lakini siyo ya picha nyeusi na nyeupe. Hii ni ya mkanda wa rangi. Mkanda wa kawaida umetengenezwa kwa mwanga wa mchana, na ukipiga ndani kwa balbu za zamani, zile za waya, watu wanatoka manjano kama wamepakwa binzari. 80A inarudisha rangi mahali pake, ila inakula stopu mbili. Kinyume chake ni 85 na 85B, za rangi ya kahawia, kwa mkanda wa balbu unaopigwa nje mchana.

Hapa napo kuna kituko. Kwenye 81, herufi zikienda mbele nguvu inaongezeka: 81A nyepesi, 81B imezidi, 81C imezidi zaidi. Kwenye 80 ni kinyume chake: 80A ndiyo kali kuliko zote, 80B inafuata, na ukienda mbele inapungua. Wajerumani wao huandika KB kwa bluu na KR kwa nyekundu-kahawia, na namba inayofuata ni kipimo cha nguvu. KB 12 ni ndugu wa 80B, KB 15 ni ndugu wa 80A. Namba ikiwa kubwa, nguvu nayo kubwa. Hapo Mjerumani kanyooka.

Na zile za kijivu, ND, zinazopunguza mwanga tu bila rangi, zina ugonjwa ule ule. ND8 ni stopu tatu. Kwa wengine stopu hizo hizo tatu zinaandikwa 0.9. B+W wanaziita 103. Na ukiona 3.0 usidhani ni stopu tatu, hiyo ni stopu kumi, inapitisha sehemu moja tu katika elfu. Utapiga giza.

Kama unatumia kamera ya dijito, pesa yako weka mfukoni. Mambo ya balbu na mchana unayarekebisha ndani ya kamera, na ukitaka picha nyeusi na nyeupe yenye anga zito, piga ya rangi halafu geuza kwenye kompyuta, ukichagua mwenyewe bluu iwe nyeusi kiasi gani. Vioo hivi vya rangi ni vya watu wa filamu.

KATA HAPA, WEKA POCHINI

Njano ya kati: 8, K2, Y2, Y48, 022. Ongeza stopu 1.

Njano-kijani: 11, X1, 060. Ongeza stopu 1 na nusu hadi 2.

Chungwa: 15 au G, YA3, O56, 040. Ongeza kati ya stopu 1 na theluthi na stopu 2 na kidogo.

Nyekundu: 25, A, 25A, R60, 090. Ongeza stopu 2 na theluthi hadi 3.

Nyekundu nzito: 29, F, 091. Ongeza stopu 3 hadi 4.

Kijani kizito: 58, B. Ongeza karibu stopu 3.

Bluu nzito: 47, C5. Ongeza karibu stopu 2 na nusu.

Wa mstari mmoja ni ndugu, siyo mapacha. Kila kiwanda kina rangi yake, ndiyo maana stopu zinapishana. Na kama mita ya kamera yako inapima kupitia lenzi yenyewe, filta ikiwa imefungwa mita imeshaihesabu, usiongeze mara ya pili. Kuongeza ni kwa wenye mita ya mkononi, au kamera ambayo mita yake iko nje ya lenzi kama ile Yashica yetu.

Ukikuta kioo hakina maandishi kabisa, usiogope. Kiweke juu ya karatasi nyeupe dirishani, utazame rangi kwa macho yako. Halafu pima mwanga wa ukuta mweupe bila kioo, kisha weka kioo mbele ya mita upime tena. Tofauti ndiyo stopu zake, kwa makadirio. Kwa vyekundu mita nyingi hudanganya kidogo, kwa hiyo piga moja ya ziada yenye nusu stopu zaidi. Ukishajua, bandika plasta, andika kwa Kiswahili.

Mpwa wangu kafanya hivyo Jumapili ile ile, kabla pilau haijapoa. G yake sasa imeandikwa CHUNGWA. B yake imeandikwa KIJANI, na aliibusu kabisa, maana ndiyo grini aliyokuwa anaitafuta, anayo siku zote bila kujua.

Nilipomaliza kumsimulia habari ya Bibi, akaniuliza kama negativu bado ninazo. Ninazo, kwenye bahasha ile ile ya 1993. Akazichukua, akaziingiza kwenye kompyuta kwa mashine yake ya kunakili, akazivuta huku na huku kwa siku mbili. Jumanne usiku akanitumia picha. Uso wa Bibi umetoka. Siyo wote, una chenga kama redio ya masafa mafupi, lakini macho yapo, na ule mkunjo wa mdomo aliokuwa nao dada yangu kaurithi. Kumbe mwanga mdogo uliofika kwenye filamu ulikuwa bado umelala pale, unasubiri mtu wa kuuamsha.

"Ila Anko, maandishi ya kanga siyaoni. Nimejaribu kila kitu."

Nikamwambia aache kujisumbua. Kilichopungua mwanga kinaweza kuvutwa. Ila nyekundu na nyeupe zilipopita kwenye kile kioo zilifika kwenye filamu zikiwa kitu kimoja, na hakuna kompyuta itakayozitenganisha.

Dada kaichapisha kubwa, kaitundika ukutani. Nyuma yake kaandika kwa kalamu ya wino mwekundu: NANI KAMA MAMA. Baba mdogo anakuja Idd hii, tutamgeuzia asome.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaongelea mikanda iliyopita tarehe: unayouziwa kwa bei ya kitu na boksi ilhali imelala kabatini tangu enzi za mwalimu wako wa darasa la kwanza. Mpaka hapo, soma pete kabla ya kufunga kioo.